Bahasha Isiyoombwa: Madaraka, Hofu na Rushwa

Kwenye semina za fasihi, tukifika kwenye dhamira ya rushwa, jibu huwa tumeshalikariri tangu sekondari: viongozi wana tamaa, wananchi wanaumia, mwandishi anatuasa tuwe waadilifu. Unapata alama zako mbili, mnaenda swali linalofuata. Tamaa ipo, nani atakataa? Lakini ukizisoma kazi zenyewe kwa utulivu, bila kuwaza UE, utakuta kwamba mtu anayesukuma mambo mara nyingi si yule mwenye tamaa. Ni yule anayeogopa. Na wakati mwingine bahasha inatoka mfukoni kabla hata haijaombwa.

Chukua tamthilia ya Nikolai Gogol iliyochezwa kwa mara ya kwanza huko St. Petersburg mwaka 1836, ambayo kwa Kiswahili tunayo kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka. Wengi wetu tumeisikia, wachache tumeisoma, na tuliobahatika kuiona jukwaani tumecheka hadi machozi. Ni mchezo wa kuchekesha kweli. Ila chini ya kicheko kuna maelezo ya kina sana ya namna rushwa inavyozaliwa.

Kisa ni hiki. Mji mmoja mdogo, mbali na mji mkuu. Meya anapata barua ya siri kwamba mkaguzi wa serikali yuko njiani, anasafiri bila kujitambulisha. Anawaita wakuu wote wa mji. Yupo hakimu ambaye anapokea hongo ya watoto wa mbwa wa kuwindia, na anajitetea kwamba mbwa si fedha, kwa hiyo hana kosa. Yupo msimamizi wa hospitali, ambayo wagonjwa wake wanavuta tumbaku kali na kuachwa bila dawa za maana. Yupo mkaguzi wa shule anayeogopa hata kivuli chake. Yupo mkuu wa posta anayefungua barua za watu na kuzisoma kwa raha zake, kama sisi tunavyosoma stori za udaku. Kila mmoja ana lake. Kisha wanaingia watu wawili wenye kiherehere, Bobchinsky na Dobchinsky, wanahema: wamemwona! Kijana fulani yuko nyumba ya wageni, hafanyi kitu, halipi deni, haondoki. Nani atakuwa na jeuri ya kula bila kulipa kama si mkubwa wa serikali?

Kumbe kijana mwenyewe, Khlestakov, ni karani wa ngazi ya chini kabisa. Hela yote ameimaliza kwenye karata. Amelala njaa, na mtumishi wake Osip naye amelala njaa. Meya anapogonga mlango, Khlestakov anajua moja kwa moja kwamba amekuja kumpeleka jela kwa ajili ya deni. Kwa hofu anaanza kupayuka na kutisha: nitalalamika kwa waziri! Meya naye, kwa hofu yake, anasikia katika maneno yale sauti ya mkuu wa serikali aliyekasirika. Basi wanasimama pale watu wawili, kila mmoja anatetemeka kwa sababu ya mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeomba wala kutoa chochote. Khlestakov anasema ukweli mtupu, kwamba hana hela ya kulipa. Meya anaichukulia kauli hiyo kuwa ni fumbo la mkubwa anayetaka apozwe. Anatoa ruble 200. Tena baadaye anajipongeza pembeni kwamba badala ya 200 amempachika 400.

Siku ya pili wakuu wa mji wanapanga foleni. Hakimu anaingia kwanza, fedha ameshika kwenye ngumi, mkono unatetemeka, noti zinadondoka sakafuni. Khlestakov anaziokota na wazo linamjia: si anikopeshe hizi? Hakimu anakopesha 300 huku akishukuru. Anaingia wa posta, 300. Mkaguzi wa shule, 300. Wa hospitali, 400. Bobchinsky na Dobchinsky wanaombwa 1,000, wanakung'uta mifuko hadi kwenye matundu ya bitana, inapatikana 65. Hakuna hata anayeita jambo hili hongo. Ni mkopo. (Sisi nasi tuna hodari wetu wa majina: chai, ya soda, ya maji, asante. Nchi yetu iliwahi hata kuingiza neno takrima kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kulifuta mwaka 2006.)

Tazama vizuri jinsi mambo yalivyokwenda. Mpokea rushwa wa mchezo huu hakuja mjini na nia ya kupokea rushwa. Alifundishwa kazi hiyo ndani ya siku moja na watu waliokuwa wanamwogopa. Alianza akiwa mjinga tu mwenye njaa, hofu yao ndiyo ikamfanya kuwa mla rushwa. Na wao hawakumpa kwa sababu wana ukarimu au wanataka tenda. Walimpa kwa sababu kila mmoja ana uchafu wake chini ya meza, na aliamini mgeni ameuona.

Kuna sehemu nyingine, karibu na mwisho, ambayo walimu wengi huipita haraka. Wafanyabiashara wa mji wamekwenda kwa Khlestakov kumshitaki meya. Wana haki kabisa: meya anawanyonya mno, anachukua zawadi ya siku ya somo wake mtakatifu, halafu anajitafutia na somo wa pili ili apokee mara mbili kwa mwaka. Lakini meya, baada ya kudhani ameshamweka "mkaguzi" mfukoni, anawaita na kuwauliza: mlipojenga lile daraja, mkaandika mbao za ruble 20,000 wakati hazifiki hata ruble 100, nani aliwasaidia? Si mimi? Mkinisema mimi, mtapona wapi? Wafanyabiashara wanainamisha vichwa na kuomba msamaha.

Mimi naona hapo ndipo moyo wa tamthilia ulipo. Kiongozi fisadi hapendi kuzungukwa na watu safi. Mtu safi atamtisha kwa kitu gani? Anataka watu waliochafuka kidogo, kila mmoja kwa kiwango chake, na faili la kila mmoja analo yeye kichwani. Kwa hiyo anapomruhusu mtu wa chini yake "ale kidogo", anayeona kwa juu atasema bosi ni mkarimu. Kumbe ameshamfunga kamba.

Madaraka au hofu?

Wengi tunaijua hoja ya Lord Acton, mwanahistoria wa Uingereza, aliyoitoa kwenye barua yake ya mwaka 1887 kwa askofu Creighton: kwamba madaraka yana tabia ya kumharibu mtu, na yakiwa bila mipaka yanamharibu kabisa. Hoja hii imekuwa kama sala. Kila mdahalo wa wagombea wa serikali ya wanafunzi lazima mtu aitaje, kwa kawaida yule ambaye mwaka unaofuata hesabu za mapato na matumizi zitamshinda.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kizuizi cha nyumbani huko Rangoon, Burma, akaipinga. Aung San Suu Kyi, kwenye insha yake ya kupokea Tuzo ya Sakharov iliyotoka mwaka 1991, alidai kwamba kinachoharibu ni hofu. Mwenye madaraka anaharibika kwa kuogopa kuyapoteza. Aliye chini yake anaharibika kwa kuogopa kuumizwa nayo. Akaeleza kwamba katika mafundisho wanayoyajua watu wa Burma kuna njia nne za kupotoka: kwa matamanio, kwa chuki, kwa ujinga na kwa hofu; na ya hofu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayozizaa nyingine tatu.

Hoja yake haikutoka hewani. Septemba 1987 serikali ya Jenerali Ne Win ilitangaza ghafla kwamba noti za kyat 25, 35 na 75 hazina thamani tena, na hakuna fidia. Fikiria umetoka nyumbani na ada mkononi, ukifika chuoni ni makaratasi tu. Badala yake zikaletwa noti za kyat 45 na 90, kwa sababu mkubwa aliamini namba 9 ina bahati. Nchi nzima ikatii hesabu ya unajimu. Ndani ya mabaraza yake hakukosekana mtu aliyesoma uchumi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mzee hapana. Machi 1988 wanafunzi wa taasisi ya teknolojia ya Rangoon waliingia mtaani, na kufikia Agosti nchi yote ilikuwa imesimama. Jeshi lilijibu kwa risasi.

Sasa, kuna jambo la kusikitisha hapa na sitaki tulipite. Mwanamke huyo huyo alikuja kuingia serikalini mwaka 2016. Mwaka 2017 jeshi likawafukuza mamia ya maelfu ya Warohingya kuvuka mpaka kwenda Bangladesh, na Desemba 2019 yeye mwenyewe alikwenda The Hague kuitetea nchi yake katika kesi ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa na Gambia. Februari 2021 jeshi lile lile likampindua na kumfunga. Kuna wanaosema aliwaogopa majenerali, kuna wanaosema aliamini alichokisema. Vyovyote iwavyo, insha yake ina nguvu ile ile hata ukiisoma dhidi ya mwandishi wake. Binafsi naona hilo ni jambo adimu kwa insha yoyote.

Kwa hiyo Acton na Suu Kyi wanagongana? Si sana. Rejea Macbeth (S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth). Tamaa inafanya kazi mara moja tu kwenye mchezo ule, usiku wa kumuua mfalme Duncan. Kuanzia hapo kila kitu kinaendeshwa na woga. Banquo anauawa kwa sababu Macbeth anamwogopa. Mke na watoto wa Macduff wanauawa wakati Macduff mwenyewe keshakimbia. Na mfalme anakiri kwamba hakuna nyumba ya mkubwa yeyote ambayo hana mtumishi anayemlipa ili ampelekee habari. Hebu zingatia hilo la mwisho: mfalme anatoa hongo. Anawahonga watumishi wa watu wake mwenyewe, kwa kuwa hamwamini hata mmoja. Madaraka yaliyopatikana kwa uovu yanazaa hofu, hofu inatafuta ulinzi, na ulinzi unanunuliwa.

Kanuni iliyosahau kitu

Huku kwetu, Tume ya Jaji Warioba, aliyoiunda Rais Mkapa muda mfupi baada ya kuingia madarakani, ilitoa taarifa yake mwaka 1996 na kugawa rushwa katika makundi mawili. Kuna wanaopokea kwa sababu ya shida, mishahara haifiki katikati ya mwezi. Hao ni wadogo. Na kuna wanaopokea kwa sababu ya uroho wa mali. Hao ni wakubwa, na shida hawana. Ni mgawanyo mzuri na umetusaidia kusema mambo ambayo zamani yalikuwa hayasemeki. Lakini unamtazama zaidi anayepokea. Meya wa Gogol anapotoa ruble 400 kwa mtu asiyemwomba hana shida, na wala hapati mali, anapoteza. Huyo hayumo kwenye makundi yote mawili.

Wenzetu wa uchumi na utawala wa umma wanafundishwa kanuni ya Robert Klitgaard, kwamba rushwa ni ukiritimba, ukaongeza uhuru wa kuamua peke yako, ukatoa uwajibikaji. Ni kanuni nzuri, inaingia kwenye karatasi ya nusu ukurasa. Inaeleza mwanya ulipo. Haielezi kwa nini watu ishirini wanaouona mwanya huo wanakaa kimya, wala kwa nini wawili kati yao wanaanza kuchanga.

Nasema kuchanga kwa makusudi. Kuna darasa moja nililolijua, la chuo ambacho hakuna haja ya kukitaja, ambalo kabla ya msimamizi kwenda kuwakagua wanafunzi wake kwenye mafunzo kwa vitendo, CR alipitisha mchango: buku mbili mbili, "ya soda ya mkuu". Msimamizi hakuwa amesema neno. Mtu mmoja alisema kwamba aliambiwa na wa mwaka wa juu kwamba mwaka uliopita kundi lisilotoa lilipata C tupu. Nani aliziona hizo C? Hakuna. Lakini kila mtu alitoa, na waliosita waliambiwa wasiwaponze wenzao. Bahasha ilifika, msimamizi akashtuka kidogo, akaipokea. Mwaka uliofuata aliuliza mwenyewe. Kama umeifuatilia habari ya Khlestakov na noti zilizodondoka, hapo hakuna kipya.

Chukua sasa jambo zito zaidi, ambalo kwenye kampasi zetu tunalizungumza kwa kunong'ona. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema ni kosa kwa mtu mwenye mamlaka kudai au kulazimisha ngono, au upendeleo mwingine wowote, kama sharti la kumpa mtu kazi, cheo, haki au fursa. Sheria iko wazi kabisa. Kwa nini kesi ni chache kuliko minong'ono? Tazama mazingira yenyewe. Mtu mmoja anatunga mtihani, anausahihisha, anashika koswaki, na matokeo yanatoka wakati ambao binti hajui hata swali lipi alikosa. Hiyo ndiyo kanuni ya Klitgaard, sawa. Halafu ongeza hofu. Anaogopa sapu, anaogopa kudisko, anaogopa kurudi nyumbani alikochangiwa nauli na ukoo mzima. Anaogopa kwamba akisema ataulizwa alivaa nini na alikwenda ofisini saa ngapi. Anaogopa rafiki zake.

Na yule mwenye madaraka naye? Tunamwona kama simba. Lakini msikilize anavyoongea: usije ukasema kwa mtu, tutaharibiana. Huyo ni mtu mwenye woga. Analindwa na wenzake wa idara ambao wanajua, na wanaogopa kusema kwa kuwa kila mmoja kuna siku alimwomba mwenzake amsaidie alama za shemeji yake. Yaani ni daraja lile lile la ruble 20,000.

Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaosema dawa ni ujasiri wa mtu mmoja mmoja. Ni rahisi kumwambia binti wa miaka 20 awe jasiri. Namba ya mtihani badala ya jina, karatasi kusahihishwa na watu wawili, mwanafunzi kuwa na haki ya kuiona karatasi yake iliyosahihishwa bila kuomba kama anaomba msaada: hivi ni vitu vikavu, havina mashairi ndani yake, lakini vinapunguza kiasi cha hofu kinachohitajika ili kuishi chuoni. Serikali ya wanafunzi ikivisimamia kwa ukali inaousimamia ucheleweshaji wa bumu, tutakuwa na la kuzungumza.

Karani aliyekuja na mikono safi

Jirani zetu Kenya wana kisa ambacho hata Gogol asingeweza kukitunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yao ilikuwa na mpango wa kuwapa wauza bidhaa nje nyongeza ya asilimia 20 ya fedha za kigeni walizoleta, ili kuhamasisha biashara. Kampuni moja, Goldenberg International, ilikubaliwa ipate asilimia 35, ikidai inauza nje dhahabu na vito vya almasi. Kenya haichimbi almasi. Kila aliyesoma jiografia ya darasa la sita alijua. Hata hivyo karatasi zilipita forodhani, zikapita wizarani, zikapita benki, kila meza ikagonga muhuri, na mabilioni ya shilingi yakalipwa kwa mauzo ambayo sehemu kubwa hayakuwepo.

Hivi wote waliogonga muhuri walipewa mgao? Sidhani, na wala haikuhitajika. Ilitosha kila mmoja aone muhuri wa meza iliyotangulia na jina la mkubwa aliye nyuma yake. Ukikataa wewe, unamwambia nani kwamba amekosea?

Aliyekataa alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, ambaye alikuwa ameajiriwa muda si mrefu. Alikuwa mgeni na hakuwa amekula. Daraja la mbao hakulijenga yeye, ndiyo maana hakuwa na la kufichiwa. Alitoa nyaraka nje zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakalipuka bungeni. Yeye akakamatwa, akashitakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi haikumfunga, lakini kazi aliipoteza na hakuipata tena, hata baada ya serikali kubadilika na Tume ya Jaji Bosire kuanza kusikiliza ushahidi mwaka 2003. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Mwandishi Billy Kahora ameandika kitabu kizima kuhusu maisha yake, na nakushauri ukitafute, maana kinaonyesha jambo ambalo taarifa za tume haziwezi kuonyesha: jinsi majirani na jamaa wanavyomtazama mtu aliyesema ukweli akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nafikiri hili la mwisho ni kubwa kuliko fedha zilizoibiwa. Kila karani aliyemwona Munyakei akitembea bila kazi alipata somo. Hakuna aliyehitaji kumtisha tena.

Kalamu nayo inaogopa

Tusidhani waandishi wako nje ya mchezo. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nchi yake akaitundika angani, mahali ambapo hakuna ramani inayoweza kumshitaki. Na tazama kosa alilomtwika Karama: anaanzisha mafunzo ya uanasheria. Waziri Majivuno anamshitaki kana kwamba ameleta tauni. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayeijua sheria ana sababu moja pungufu ya kuogopa, na Majivuno anaishi kwa hofu za watu. Karama katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, wakarudi na mawazo mema, wakatupwa gerezani mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeiba. Kosa lao ni kurudi na kitu ambacho baraza halikukizoea. Kwenye nchi kama hiyo mtu mwenye akili hujifunza kurudi mikono mitupu na kusifia.

Miaka ikapita, wakoloni wakaondoka, hofu ikabaki na ofisi zake. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na akiwa gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakawa Sauti ya Dhiki, ikatoka 1973. Mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, yaani zawadi yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, wakulima walianza kuzungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki. Ngũgĩ anasimulia kwamba amri ilitoka mtu huyo akamatwe, hadi polisi walipogundua kuwa ni mhusika wa riwaya. Kwa kuwa mhusika hakamatiki, wakakamata vitabu madukani. Na kwetu hapa, Kaptula la Marx la Kezilahabi, lililoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, halikuchapishwa kitabu hadi mwaka 1999. Hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Lilikaa tu.

Ukitaka kuona hofu ikifanya kazi bila polisi kabisa, kuna kisa cha John Githongo. Januari 2003 aliteuliwa kuwa katibu mkuu wa maadili katika serikali mpya ya Rais Kibaki. Alipofukua mikataba hewa ya Anglo Leasing, alikuta kwamba mikono imo ya watu aliokuwa akinywa nao chai, na baadhi yao wakamshauri kwa upole aende taratibu. Akawa anawarekodi kwa siri. Mapema 2005 alijiuzulu akiwa London. Mwandishi Michela Wrong akaandika habari zake kwenye kitabu kilichotoka 2009. Serikali haikukipiga marufuku. Hakuna amri iliyosomwa, hakuna askari aliyetumwa dukani. Wenye maduka ya vitabu Nairobi, waliokumbuka kesi za miaka ya nyuma za kuchafua majina ya wakubwa, walikataa tu kukiweka kwenye rafu. Mteja akikiulizia aliambiwa hakipo. Kikawa kinauzwa barabarani na makanisani, na waliokipata wakakipitisha kwa wenzao mkono kwa mkono.